Anko wa Rangi anajibu: Tingatinga, Picasso na ile ndizi ya bilioni 16

Meseji zimejaa, nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: hii mitindo ya sanaa yenye majina marefu mtu wa kawaida anaielewaje? Mi huwa sianzi na majina. Naanza kuuliza huyu aliyechora alikuwa na nini mkononi, rangi gani, kachorea juu ya nini, na anamchorea nani. Ukishajibu hayo, jina la mtindo linakuja lenyewe. Haya tuanze.

Shikamoo anko. Nauza picha na vinyago hapa Arusha mjini, karibu na Mnara wa Saa. Wageni wakiniuliza hii ni tingatinga? mi najibu ndiyo kwa kila picha ili biashara iende. Wiki hii mmoja kanibishia, anasema zile picha za Wamasai warefu wembamba sio tingatinga. Ni kweli?
*Muuzaji, Arusha mjini*

Marahaba. Ni kweli, na hapo mgeni kakupiga bao ndani ya duka lako mwenyewe.

Tingatinga ni mtu, Edward Saidi Tingatinga, kazaliwa Tunduru huko kusini mwaka 1932, akaenda Tanga kutafuta maisha kwenye mashamba ya mkonge, baadae akatua Dar es Salaam akawa anafanya kazi hii na ile. Kuchora kaanza 1968, mtu mzima kabisa. Sasa angalia alikuwa na nini mkononi. Hana turubai, hana zile rangi za wasanii za kwenye tyubu, ana vipande vya hadibodi vya ujenzi, vimekatwa mraba, na rangi ya enameli, ileile ya kupakia baiskeli na milango. Na enameli ina tabia zake, inang'aa, inachukua muda kukauka, na ukiigusa ikiwa mbichi unaharibu kila kitu, kwahiyo unapaka rangi ya nyuma unaacha ikauke, unamweka mnyama unaacha akauke, ndo unarudi na madoa na mistari. Ndo maana kwenye picha za mzee mnyama anakaa mmoja mkubwa katikati, kingo zake zimekatika safi, hana kivuli, nyuma yake rangi moja mbili zinazofifia taratibu. Watu wanasema "staili ya kitoto" lakini mi naona ni staili ya fundi anayeijua rangi yake inakubali nini na inakataa nini.

Hakuchora muda mrefu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Dar es Salaam wakidhani ni mwizi anayekimbia, akafa akiwa na miaka kama 40 hivi. Ndugu na vijana aliokuwa anawafundisha, akina Simon Mpata, Ajaba Abdallah, January Linda, Adeusi Mandu na Casper Tedo, ndo waliendelea, na 1990 wakawa ushirika rasmi pale Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Zile picha zilizojaa samaki na ndege na vijiji vyenye watu mia, kila sentimita ina kitu, zimekuja baada yake. Yeye aliacha nafasi.

Sasa hao Wamasai wako. Hiyo mara nyingi ni rangi nzito kwenye turubai, imepakwa kwa kisu cha rangi na sio brashi, na kisu kikishushwa kwa mkupuo mmoja kinaacha mstari mrefu ulionyooka, ndo hapo shuka na miguu vinarefuka. Ni kazi nyingine kabisa, na ikifanywa na mtu mwenye mkono ni nzuri tu, ila usiiite tingatinga. Mwambie mteja "hii ni ya kisu, imechorwa hapahapa Arusha", kama kweli imechorwa hapa. Atakuamini zaidi na hata bei unaweza kusimama nayo.

Anko naomba nisaidie, niko chuo hapa Moshi, mwalimu katupa impreshonizimu na ekspreshonizimu tutofautishe. Nimesoma nimekariri ila kichwani hakuna kitu. Naomba kwa lugha ya kawaida.
*Mwanafunzi, Moshi*

We uko Moshi una bahati, toka nje asubuhi saa kumi na mbili na nusu Kibo ikiwa wazi. Theluji ina rangi gani? Ukisema nyeupe hujaangalia. Saa hiyo ina upinki flani, vivuli vyake bluu, rudi saa mbili imekuwa ya njano kidogo, saa nne wingu limeshafunika hamna mlima. Sasa mtu anayetaka kuchora kile ambacho jicho lake linaona dakika ile, na sio kile ambacho kichwa kinajua ("theluji nyeupe, mlima wa kahawia"), inabidi apake harakaharaka, vipande vifupi vya rangi, hana muda wa kulainisha. Hiyo ndo impreshonizimu, imeisha.

Kilichowawezesha ni kitu kidogo sana, tyubu ya bati. Kabla ya hapo mchoraji anasaga na kuchanganya rangi ndani ya karakana, kuzibeba nje ilikuwa shughuli. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, akasajili tyubu ya rangi yenye kifuniko, kizazi kilichofuata kikatia rangi mfukoni kikaenda mtoni na shambani. Halafu kamera ilikuwa imeshaingia toka 1839, kwahiyo kazi ya kunakili sura ya mtu ilivyo imeanza kupata mshindani. Mfaransa Claude Monet akachora bandari ya Le Havre jua likichomoza, 1872, akaiita "taswira" tu ya macheo (kwa Kifaransa taswira ni "impression"), ilipooneshwa Paris 1874 mwandishi mmoja wa gazeti akaitumia hiyo "taswira" kuwakebehi wote, kejeli ikageuka jina la mtindo. Huyo Monet baadae alichora kanisa moja la Rouen zaidi ya mara 30, kanisa lilelile, mwanga tofauti. Hakuwa anachora kanisa, anachora saa.

Ekspreshonizimu inageuza upande. Hapa mtu hajali jicho limeona nini nje, anatoa kinachomsumbua ndani, na kama huzuni yake inataka anga jekundu basi anga litakuwa jekundu hata kama siku hiyo mvua inanyesha. Edvard Munch wa Norway ndo mfano unaoujua hata kama hujui kama unaujua, yule mtu kashika mashavu mdomo wazi kwenye daraja, 1893, hadi emoji tumepata. Wajerumani wa Dresden wakaunda kundi lao 1905 wakaenda mbali zaidi. Kwenye mtihani andika hivi: wa kwanza kaangalia nje, wa pili kaangalia ndani, halafu toa mifano. Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, usimuweke kwa Monet, alijifunza kwao akatoka, wengi wanamhesabu kama daraja la kwenda upande wa pili.

Kaka, heshima yako. Mi sio mtu wa sanaa lakini naomba uniambie ukweli. Zile picha za Picasso, pua huku jicho kule, mwanangu wa chekechea anazichora kila siku na anachora ukutani bure. Kwanini ya yule iwe mamilioni?
*Baba wa Sakina*

Salama kaka. Swali lako linaulizwa dunia nzima, usione aibu.

Kwanza ondoa wazo kwamba hakujua kuchora. Baba yake Picasso alikuwa mwalimu wa uchoraji huko Hispania, na kijana akiwa na miaka kama 14 hivi tu kachora picha ya familia kanisani kwenye komunyo ya kwanza, kitambaa cheupe cha binti unaweza kudhani utakigusa kikunjike. Kwahiyo alipofikia kuvunja pua alikuwa anavunja kitu anachokimiliki. Mwanao bado hajakimiliki, mpe muda, na mnunulie karatasi ukuta upone.

Alichokuwa anatafuta ni hiki. Ukichora kikombe kwa kanuni za zamani unakichora kutoka sehemu moja, umesimama hapo, jicho moja, kama kamera. Lakini kikombe we unakijua mviringo wake wa juu, unajua kitako, unajua mkono uko upande gani, vyote kwa pamoja. Picasso na mwenzake Georges Braque, kuanzia kama 1907-08 hadi vita ya 1914, walikuwa wanajaribu kuweka kila upande kwenye picha moja. Ndo kubizimu hiyo. Matokeo yanaonekana vipandevipande, ni kweli, na mi binafsi zile za 1911 zinanichosha, zote kahawia na kijivu huoni mtu yuko wapi gitaa liko wapi.

Sasa kuna jambo huwa linapitwa harakaharaka. Mwaka 1907 Picasso aliingia jumba la makumbusho la Trocadéro Paris, akakuta vinyago vya Afrika, vingi vilifika kule njia za kikoloni. Ukiangalia picha yake kubwa ya mwaka huo ya wanawake watano, wawili wa kulia sura zao sio za wanawake wa Hispania tena, ni vinyago. Aliona kwamba mchongaji wa Afrika hamnakili mtu, anaweka silinda kwa jicho, pembetatu kwa pua, na uso unasimama na unatisha kuliko picha ya kufanana. Wachongaji wenyewe majina yao hayakuandikwa kwenye kabati zile. Kwahiyo mtu akikwambia Waafrika tunaiga Ulaya kwenye sanaa ya kisasa, mwambie aanze kuhesabu toka 1907.

Anko nimeolewa Moshi, mume wangu kanunua kinyago cha kimakonde, kina jicho moja, mdomo pembeni na tumbo. Mama mkwe kaja kakiona kasema hilo ni shetani halilali humu ndani. Kiko stoo. Nimwambieje?
*Mke wa mtu, Majengo*

Pole mama. Tatizo ni kwamba mama mkwe kapatia nusu, huo mtindo kweli unaitwa shetani, kwahiyo usije ukamuonesha neno hilo kwenye karatasi ya duka.

Ila sio kitu cha kuabudu. Wachongaji wa Kimakonde waliotoka Msumbiji na kuja upande wetu walikuwa wanachonga sura za kawaida, mzee na mkongojo, mama na mtungi, na wateja wao ni wageni. Miaka ya 1950 Samaki Likankoa akaanza kuchonga viumbe vya ajabu, vile vya kwenye hadithi za kutishia watoto, na Mohamed Peera aliyekuwa na duka Dar es Salaam akanunua na kuagiza zaidi. Sokoni vikapendwa. Kwahiyo hicho kilicho stoo kwako ni mtindo uliozaliwa kati ya hadithi za nyumbani na kaunta ya duka.

Ukitaka amani mbadilishie mama mkwe kwa mtindo wa ujamaa, ule mnara wa watu wanaobebana kutoka chini hadi juu kwenye gogo moja, ulioanzishwa na Roberto Yakobo Sangwani, enzi za Azimio serikali ikaupenda sana. Huo hata paroko anauweka ofisini. Au mtafutie picha za George Lilanga, aliyefariki 2005, yeye mashetani wake wana masikio makubwa, wanacheza ngoma, wanapiga soga, ni ngumu kuwaogopa.

Na kabla hujauza angalia kama ni mpingo kweli. Mpingo ni mzito sana, ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama, na ukiugeuza chini mara nyingi utaona sehemu nyeupe-njano ya nje ya mti na nyeusi ya ndani. Kikielea, na kitambaa chenye mafuta kikitoka cheusi, umeuziwa mti mwingine uliopakwa kiwi.

Anko tuambie ukweli, sisi wa Kilimanjaro tunajulikana kwa biashara na kahawa. Kwenye uchoraji hatupo kabisa?
*Mdau, Marangu*

Aisee, na umeandika kutoka Marangu! Mpo sana, tena nyie wa Marangu ndo msingeniuliza.

Tuanze Machame. Sam Ntiro, kazaliwa 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, yule mama aliyeanzisha shule ya sanaa pale, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, akarudi kufundisha Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru Nyerere akampeleka London kama balozi wetu. Mchoraji balozi, fikiria! Alichora kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga: migomba, watu wanalima, wanaenda sokoni, wanajenga, mara nyingi wako wengi na wadogo na mandhari ndo inatawala, sura zao hazioneshi huyu ni nani. Walimu wa Ulaya wengine waliona ni uchoraji ambao haujakomaa. Lakini mtu aliyepita Slade anajua kuchora sura akitaka. Mi nadhani alikuwa anachora kazi na sio watu, kwenye kihamba shughuli ni ya wote. Na moja ya mwaka 1956 iko jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, inaonesha wanaume wanampelekea bi harusi mbege, pombe yetu ya ndizi, usiku. Mbege, New York! Hapo ndo unaelewa alikuwa anamchorea nani, maana mtu wa New York hajui hata ndizi gani inapikiwa mbege, lakini mtu wa Machame angeanza kubishana kama vibuyu vimebebwa sawasawa.

Halafu Marangu kwenu, Elimo Njau, kazaliwa 1932, naye Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa Murang'a, Kenya, kanisa lililojengwa kuwakumbuka waliouawa wakati wa Mau Mau, akaweka maisha ya Yesu palepale kwenye milima ile, watu ni Waafrika, miti ni ya kule. Sasa hivi unaona kawaida. Kipindi kile kila kalenda ya kanisa Yesu ana nywele za dhahabu, ilikuwa kauli nzito. Akaanzisha nyumba ya sanaa ya Kibo hapohapo mlimani Marangu, na 1965 akiwa na wenzake wakafungua Paa ya Paa Nairobi. Msimamo wake aliurudia miaka na miaka: usinakili. Vijana wanaochora simba yuleyule kwa stensili hapa Arusha wangekuwa na wakati mgumu mbele yake.

Na wa tatu ni mwanamke, Everlyn Nicodemus, Marangu tena, 1954. Akaondoka kwenda Sweden 1973, akajifunza mwenyewe kuchora, akaandika sana kuhusu sanaa ya Afrika, sasa anaishi Scotland. Mwaka 1982 alijichora mwenyewe, nyuso kadhaa zimeshikana ndani ya picha moja, yaani mwanamke mmoja lakini mama, mke, msanii, mgeni, wote wanataka nafasi. Mwaka 2022 jumba la picha za watu mashuhuri la London, National Portrait Gallery, likainunua, na ikawa picha ya kwanza ya mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia kwenye hazina yao. Watoto wa shule za Marangu wanakariri mwaka wa Da Vinci, huyu dada hawamjui. Mi linaniudhi, nisiseme zaidi.

We mzee, ile ndizi iliyobandikwa ukutani na soloteipu, nasikia imeuzwa bilioni. Mi nina shamba la ndizi Kibosho. Naanzia wapi?
*Mkulima, Kibosho*

Hahaha! Anzia Mbuyuni sokoni kama kawaida yako.

Ile ni kazi ya Maurizio Cattelan, Mtaliano, aliionesha Miami Desemba 2019, na Novemba 2024 ikapigwa mnada New York kwa dola milioni 6.2, ni zaidi ya shilingi bilioni 16, mnunuzi mfanyabiashara wa sarafu za mtandaoni akaila mbele ya kamera. Ndizi yenyewe ilinunuliwa kwenye kibanda cha matunda kwa senti 35 za Marekani. Alichonunua yule sio tunda, ni cheti na maelekezo ya namna ya kubandika, tunda likioza unaweka jingine. Inaitwa sanaa ya wazo, babu yake ni Marcel Duchamp aliyepeleka sinki la kukojolea kwenye maonesho ya New York 1917 akalisaini jina la bandia, wakagoma kulionesha, na linazungumzwa mpaka leo. Swali lake lilikuwa nani anaamua kitu gani ni sanaa. La Cattelan nadhani ni nani anaamua bei. Kwa senti 35 na bilioni 16 mkulima unajua jibu la hilo swali kuliko wachambuzi wote, maana bei ya mkungu wako hupangi wewe.

Anko nachora mabango ya saluni Unga Limited, nataka nianze picha za kuuza. Akriliki, ya mafuta au niendelee na enameli?
*Fundi bango*

Enameli unaijua mkono, anza nayo, ila iweke kwenye hadibodi na sio turubai, turubai inanepa na enameli ikikauka ni ngumu, itapasuka. Hadibodi ipake emalshen nyeupe mikono miwili kwanza isinywe rangi. Akriliki inakauka haraka na brashi unaosha kwa maji, nzuri kwa kazi ya haraka. Ya mafuta iache mpaka upate mteja wa kusubiri, inaweza kuchukua siku nyingi kukauka na vumbi la Unga Limited halisubiri.

Tuko vijana wanne Ngaramtoni, tunataka kuona sanaa ya kweli, Ulaya hatuendi leo wala kesho. Twende wapi?
*Vijana wa Ngaramtoni*

Pandeni basi la Dodoma linalopita Babati na Kondoa, mwambieni konda mnashuka Kolo. Kuna ofisi ya mambo ya kale pale, mnalipia na mnapewa mtu wa kuwapandisha kwenye miamba. Ni michoro ya rangi nyekundu ya udongo wenye chuma, watu wembamba warefu, pofu, twiga, na juu yake mingine myeupe ya baadae, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Msishike mwamba na msimwagie maji ili rangi itoke vizuri kwenye simu, kuna watu wamefanya hivyo na maji yanaiharibu. Bebeni maji ya kunywa na viatu vya kupanda, na mwende asubuhi, mchana mwamba unawaka.